Kununua albamu za Patsy Cline zilizotolewa upya: mwongozo kamili wa kutouziwa mbuzi kwenye gunia

Mjomba wangu wa Nakuru alikuwa na kanda moja aliyoicheza mpaka maandishi yake yakafutika. Kwenye jalada kulikuwa na majina mawili, Jim Reeves na Patsy Cline, waimbaji wa muziki wa country wa Marekani, na nyumbani kwake halikuwa jambo la ubishi kwamba wawili hawa walikuwa wapenzi. Alikuwa akisema watu hawaimbiani "I Fall to Pieces" namna ile kama hakuna kitu kati yao. Siku nilipomwambia kwamba hawakuwahi kuingia studio pamoja, na kwamba wimbo ule uliunganishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wote wawili wakiwa marehemu, aliniangalia kama mtu aliyetukanwa sebuleni kwake.

Sikumlaumu. Patsy Cline alifariki kwa ajali ya ndege karibu na Camden, Tennessee, tarehe 5 Machi 1963, akiwa na miaka 30. Alikuwa ametoa albamu tatu tu za studio. Ukitafuta jina lake leo utakuta mamia ya santuri, CD na orodha za mtandaoni, zote zikiwa na picha yake akitabasamu na neno fulani linalomaanisha "bora kabisa". Nyimbo ni zilezile chache, zimechanganywa, zimeongezewa ala, zimebadilishwa majina. Mimi mwenyewe niliwahi kununua CD ya nyimbo thelathini kwenye duka moja mjini, nikafika nyumbani nikakuta "Crazy" haimo. Ilikuwa kama kununua pilau isiyo na nyama. Tangu siku hiyo sinunui Patsy kabla ya kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua alirekodi nini, na lini

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Ukiishika hii, nyingine zinakuwa rahisi.

Maisha yake ya studio yana vipindi viwili. Cha kwanza kilianza alipotia saini mkataba na kampuni ndogo ya California iitwayo 4 Star mwaka 1954, na kurekodi kukaanza 1955. Mkataba ule ulimfunga miguu: aliruhusiwa kurekodi nyimbo zile tu ambazo 4 Star yenyewe ilikuwa na haki zake za uchapishaji. Hivyo sauti ya dhahabu ikapewa nyimbo za kawaida, mwaka baada ya mwaka, mpaka 1960. Jumla ni rekodi 51. Katika hizo, iliyovuma kweli ni moja: "Walkin' After Midnight", iliyotoka mwaka 1957 baada ya kuiimba kwenye shindano la televisheni la Arthur Godfrey. Albamu yake ya kwanza, iliyobeba jina lake tu, Patsy Cline, ilitoka mwaka huohuo kupitia kampuni ya rekodi ya Decca, iliyokuwa ikikodi rekodi hizo kutoka 4 Star.

Kipindi cha pili ni cha Decca yenyewe, kuanzia mwishoni mwa 1960 hadi Februari 1963, chini ya mtayarishaji Owen Bradley kule Nashville. Hapa ndipo kuna "I Fall to Pieces", "Crazy" iliyotungwa na Willie Nelson, "She's Got You", "Faded Love" na "Sweet Dreams". Albamu zake ni mbili: Showcase ya 1961 na Sentimentally Yours ya 1962. Kila unachokijua cha Patsy, yale mavinanda laini nyuma, kundi la Jordanaires likiitikia kwa sauti ya chini, ni cha miaka hii miwili na kitu.

Sasa utaelewa CD yangu ilikuwa na ugonjwa gani. Ilijazwa rekodi za 4 Star pekee, zilizozoea kukodishwa kwa bei nafuu kwa yeyote aliyetaka. Ni kawaida tangu miaka ya 1960: lebo (kampuni za rekodi) za bei ya chini kama Everest na Hilltop zilikuwa zikitoa mikusanyiko ya nyimbo hizo hizo chini ya majina mapya. Si kwamba ni mbaya. "Three Cigarettes in an Ashtray" ni ya wakati ule, na nyimbo za injili kama "Just a Closer Walk with Thee" pia. Lakini anayenunua akitafuta "Crazy" ataumia.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, soma orodha ya nyimbo. Ukiiona "Walkin' After Midnight" peke yake katikati ya majina usiyoyatambua, bila "Crazy" wala "I Fall to Pieces", unashika mkusanyiko wa 4 Star.

Hatua ya 2: Pima kwa "Walkin' After Midnight"

Wimbo huu una rekodi mbili tofauti kabisa, na matoleo mengi hayasemi yametumia ipi. Ya kwanza ilirekodiwa Novemba 1956. Ya pili aliirudia mwaka 1961 kwa ajili ya albamu ya Showcase.

Fungua zote mbili kwenye simu, vaa spika za masikioni, usikilize sekunde kumi za mwanzo. Ile ya 1956 inaongozwa na gitaa lile la kulazwa, linalochezwa kwa kipande cha chuma juu ya nyuzi, likiteleza na kulia kama mtu anayepiga mluzi barabarani usiku. Patsy mwenyewe anaimba kwa ujana, anainama kwenye maneno, karibu acheke. Ile ya 1961 imetulia. Waitikiaji wa Jordanaires wamo, sauti yake imekuwa nzito na ya mtu mzima, na wimbo ni mfupi zaidi kwa karibu nusu dakika.

Mimi napenda ya 1956, bila kuona haya. Lakini mkusanyiko maarufu kuliko yote, Greatest Hits wa 1967, una ile ya 1961, na kwa kuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani pekee, watu wengi wanadhani ndiyo asili. Ukizoea kutofautisha hizi mbili, utaweza kuliweka toleo lolote kwenye kipindi chake kabla hujasoma hata herufi moja ya jalada.

Hatua ya 3: Chunguza kama wameongeza ala

Hapa ndipo ilipo kanda ya mjomba, na inabidi nieleze kidogo mambo ya ufundi.

Juni 1961 Patsy aligongwa vibaya kwenye ajali ya gari Nashville, akalazwa hospitali karibu mwezi mzima. Agosti akaingia studio kurekodi "Crazy" akiwa bado anatembea kwa magongo. Mbavu zilimuuma, hakuweza kuzifikia noti za juu. Owen Bradley akarekodi wapigaji peke yao, Patsy akarudi wiki kadhaa baadaye akaweka sauti juu yake. Hilo liliwezekana kwa sababu studio ilitumia kanda ya njia tatu: sauti ya mwimbaji ilikaa kwenye njia yake, mbali na ala.

Kanda hiyohiyo iliyouokoa wimbo wa "Crazy" ndiyo iliyofungua mlango wa mchezo wote uliofuata. Ukiwa na sauti iliyotengwa, unaweza kuitoa, ukafuta bendi ya zamani, ukaweka bendi mpya. Mwaka 1980 ilitoka albamu Always yenye sauti ya zamani na ala mpya. Halafu Bradley huyohuyo akachukua sauti ya Patsy na ya Jim Reeves, ambaye pia alifariki kwa ajali ya ndege, mwaka 1964, akazioanisha. RCA, kampuni ya Reeves, ikatoa albamu ya wote wawili mwaka 1981 yenye "Have You Ever Been Lonely". MCA, iliyorithi rekodi za Decca, ikatoa yake mwaka 1982, Remembering, yenye "I Fall to Pieces". Nyimbo nyingine nyingi humo kila mmoja anaimba peke yake, jambo ambalo mjomba alilieleza kwa kusema walikuwa wakipumzishana.

Mwaka 1985 ikaja filamu ya maisha yake, Sweet Dreams. Jessica Lange anaigiza, midomo inacheza, sauti ni ya Patsy mwenyewe. Albamu ya filamu hiyo nayo ina ala zilizopigwa upya. Ukiinunua ukidhani ni mkusanyiko wa kawaida, utasikia "Crazy" ambayo ina kitu kisichokaa sawa na usijue ni nini.

Namna ya kugundua: usisikilize sauti yake, sikiliza ngoma na besi. Studio ya 1961 ilikuwa chumba kimoja, watu wote ndani, na kila kitu kinavuja kidogo kwenye kila kipaza sauti. Ngoma ziko mbali, besi ni ya mbao, inanguruma taratibu. Kwenye ala za miaka ya 1980, ngoma inakuja mbele, safi na kavu, kama imepigwa nyumba ya jirani. Ukishindwa kutofautisha, tafuta mwaka wa kurekodiwa nyuma ya jalada. Toleo la heshima huandika tarehe ya kila wimbo. Lisiloandika lolote, lishuku.

Hatua ya 4: Angalia nani ametoa, na wapi

Utakutana na matoleo ya Patsy kutoka Ulaya, hasa santuri mpya za rangi na masanduku ya CD ya bei ya kutupa. Si bidhaa za magendo. Sheria ya Ulaya ilikuwa ikilinda rekodi kwa miaka 50 tangu itolewe. Mwaka 2011 wakaamua kuongeza iwe 70, na nchi zilipewa mpaka Novemba 2013 kuitekeleza, lakini rekodi ambazo muda wake ulikuwa umekwisha hazikurudishiwa ulinzi. Maana yake, kila alichotoa Patsy hadi mwisho wa 1962 kiko huru Ulaya. Yeyote anaweza kukichapisha. Vilivyotoka kuanzia 1963 bado vinalindwa. Marekani ni hadithi nyingine: huko rekodi zake za 1957 na kuendelea zinalindwa hadi Februari 2067.

Hii inakupa kipimo kizuri sana. "Sweet Dreams" na "Faded Love" zilitoka 1963, baada ya kifo chake. Ukiona sanduku la Ulaya linalojiita kamili lakini nyimbo hizo mbili hazimo, umejua ni toleo la rekodi huru. Tatizo si uhalali wake. Tatizo ni kwamba lebo ndogo haina kanda asilia, kwa hiyo hunakili kutoka CD au santuri iliyotangulia, halafu husafisha mikwaruzo kwa kompyuta mpaka pumzi ya mwimbaji inaondoka nayo. Mengine yanasikika vizuri tu. Sitasema yote ni takataka. Ila usilipe bei ya toleo la kanda asilia kwa kitu kilichonakiliwa.

Anayemiliki kanda za Decca leo ni Universal. Kwenye mtandao, shuka hadi chini ya ukurasa wa albamu, kuna alama ya P ndani ya duara na jina la mwenye rekodi. Ukiona UMG Recordings, uko nyumbani. YouTube pia, kwenye maelezo ya chini, huandika nani ameuleta wimbo. Ni mstari mmoja tu lakini unakuokoa na mengi.

Hatua ya 5: Ukitaka santuri, jifunze kusoma namba

Santuri za Decca za wakati ule zilitoka kwa namna mbili, mono (sauti ya njia moja) na stirio (sauti ya njia mbili, kushoto na kulia), na namba ndiyo inayosema. Showcase ya mono ni DL 4202, ya stirio ni DL 74202. Sentimentally Yours ni DL 4282 na DL 74282. Hiyo 7 ya mbele ndiyo stirio.

Jihadhari na stirio ya bandia. Albamu ya 1957 ilirekodiwa mono. Ukiikuta imeandikwa stirio, wameigawanya kwa mitambo: besi upande huu, sauti za juu upande ule, na Patsy anaimba kama yuko ndani ya mtungi. Nunua mono, ukae kwa amani.

Mwaka 1973 jina la Decca Marekani likaachwa, rekodi zikaendelea chini ya MCA. Kwa hiyo Greatest Hits yenye lebo ya MCA si feki, ni toleo la baadaye la kitu kilekile. Kwenye vibanda vya santuri vya Kenyatta Market Nairobi, ukimkuta Patsy, mara nyingi atakuwa wa MCA. Iinue santuri uielekeze kwenye mwanga, iinamishe. Mikwaruzo ya juu juu, kama unywele, haisikiki sana. Mkwaruzo unaoushika kwa ukucha, huo sindano itaurukia. Kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya lebo kuna namba iliyochorwa kwenye plastiki. Ipige picha, uilinganishe na Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya santuri, utajua ilichapwa wapi na lini.

Ukinunua kwa mtu wa mbali, utakutana na herufi za hali ya santuri. NM ni karibu mpya, VG+ ni iliyotunzwa, VG itakwaruza lakini inasikilizika. G inasimamia neno la "nzuri", usidanganyike nalo: ni santuri iliyochoka. Mimi sishuki chini ya VG+.

Kuhusu matoleo mapya ya kifahari, kibandiko cha gramu 180 kinakwambia uzito wa plastiki, basi. Tafuta maneno yanayosema imetengenezwa kutoka kanda asilia, na jina la fundi aliyeitengeneza. Analogue Productions ya Marekani wamewahi kutoa Greatest Hits kwenye santuri mbili za mizunguko 45 kwa dakika, na huo ni mfano wa kazi ya namna hiyo. Bei yake nayo ni ya namna hiyo.

Hatua ya 6: Anza na hivi

Mgeni kabisa, anza na Greatest Hits ya 1967. Ni nyimbo kumi na mbili, hakuna ya kuruka, na inapatikana kila mahali.

Ukishapenda, nenda kwenye Sweet Dreams: Her Complete Decca Masters 1960–1963, CD mbili zilizotoka 2010. Ndani yake ni kipindi chote cha Decca. Usiichanganye na albamu ya filamu, jina linafanana.

Mwenye moyo wa kukusanya atafute The Patsy Cline Collection ya 1991, CD nne zenye nyimbo 104, zimepangwa kwa mfuatano wa tarehe, pamoja na kitabu cha maelezo. Ukiisikiliza kuanzia mwanzo unaisikia sauti ikikua, kutoka msichana wa Winchester, Virginia, aliyepiga kelele za furaha katikati ya wimbo, hadi mwanamke wa Februari 1963 anayeshusha neno moja taratibu mpaka linakatika. Kwangu mimi hili ndilo toleo lenye thamani kuliko yote.

Halafu kuna moja ninayoipenda kwa sababu zisizo za kifundi: Live at the Cimarron Ballroom. Ilirekodiwa Tulsa, Oklahoma, tarehe 29 Julai 1961, wiki sita tu baada ya ile ajali ya gari, kanda ikakaa mahali hadi ilipotolewa 1997. Sauti si safi. Lakini katikati ya nyimbo anaongea na watu, anawasimulia ajali, anatania, na ghafla yule wa kwenye picha anakuwa mtu. Mwaka 2025 ikatoka pia Imagine That: The Lost Recordings (1954–1963), mkusanyiko wa alivyoimba redioni na kwenye televisheni. Hiyo ni ya mtu ambaye tayari ana nyingine zote.

Hatua ya 7: Kuagiza kutoka nje

Santuri moja kutoka Marekani inaweza kugharimu usafiri kuliko bei yake. Unganeni watu watatu au wanne muagize kwa pamoja kutoka kwa muuzaji mmoja. Hesabu ushuru wa forodha na VAT kabla ya kubonyeza kitufe: VAT peke yake ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, na hutozwa juu ya bei pamoja na usafiri.

Mwombe muuzaji aitoe santuri nje ya jalada lake, aiweke pembeni ndani ya boksi hilohilo. Ikisafiri ndani, kila inaporushwa inapasua ukingo wa jalada. Ikifika, isimamishe wima kama kitabu, usiilaze, usiiweke karibu na dirisha. Walioko Mombasa, Tanga na Unguja wana kazi ya ziada: unyevu huleta ukungu kwenye jalada, kwa hiyo badilisha mifuko ya karatasi ya ndani uweke ya plastiki laini, na uziache zipate hewa.

Mjomba nilimpelekea Greatest Hits, ya MCA, VG+, pamoja na kinanda cha santuri nilichoazima. Tulianza na "I Fall to Pieces". Aliketi mbele kidogo ya kiti, mikono magotini, akasikiliza ubeti wa kwanza wote bila kupepesa. Ubeti wa pili ulipoanza akanigeukia, uso umekunjamana kwa wasiwasi.

"Mpwa," akasema, "mbona Jim hajaingia?"